Shahada ya uuguzi ya mtandaoni au ya chuoni: waajiri wa Mtwara na Lindi wanaangalia nini

Soma tangazo lolote la serikali la nafasi ya Afisa Muuguzi Daraja la II, utakuta sifa zilezile: shahada ya uuguzi kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, mafunzo ya utarajali yaliyokamilika, na usajili pamoja na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba uwe umesomea darasani au mbele ya kompyuta. Wengi huku kusini wakiliona pengo hilo wanadhani ni mlango. Kwa baadhi yao ni mlango kweli. Kwa wengine ni ukuta, na wanaugundua wakiwa wameshalipa ada ya miaka yote.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha ada, bando au jina la chuo, jibu swali moja: tayari una leseni ya uuguzi, au huna?

Kama bado huna leseni

Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB na anataka kuwa muuguzi asitafute shahada ya mtandaoni. Tunalisema bila kuzunguka kwa sababu gharama ya kukosea hapa inabebwa na ukoo mzima. Shahada ya kwanza ya uuguzi nchini ni miaka minne, halafu mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, na mtihani wa leseni wa Baraza. Katika miaka hiyo minne muda mwingi haupiti darasani. Unapita wodi ya wazazi, wodi ya watoto, upasuaji, magonjwa ya akili, kliniki ya mama na mtoto, na vijijini. Mwanafunzi hubeba kitabu cha mazoezi, na kila tendo linasainiwa na msimamizi aliyelishuhudia kwa macho: kuzalisha, kushona msamba, kuweka mpira wa mkojo, kutundika dripu, kusafisha kidonda.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, tazama Uingereza. Baraza la wauguzi la huko linadai saa 4,600 za mafunzo, na nusu yake, yaani 2,300, ziwe za vitendo. Saa za kuigiza kwenye maabara ya stadi zinazoweza kuhesabiwa humo hazizidi 600. Gawanya 2,300 kwa zamu ya saa 8: ni karibu zamu 288. Hakuna mtandao utakaoingia zamu hizo kwa niaba yako.

Hoja tunayoisikia mara nyingi ni hii: mbona mwalimu fulani alisoma Chuo Kikuu Huria akiwa kazini, akahitimu na cheo akapanda? Ni kweli. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo Mtwara na Lindi, na kimewainua watumishi wengi. Lakini kwenye uuguzi, kati ya cheti chako na mgonjwa limesimama Baraza, na Baraza halisajili cheti kitupu. Linasajili mtu ambaye mafunzo yake linayatambua, saa za vitendo zikiwemo. Bila usajili, mwajiri hafikii hata hatua ya kukupenda au kukukataa. Ombi lako linakwama kwenye mfumo kwa kukosa namba ya leseni, na Muuguzi Mfawidhi wa hospitali hatajua kama ulikuwepo.

Kwa kundi hili, basi, ulinganisho unaishia hapa. Ni chuoni. Kama ada ya chuo kikuu ni kubwa, njia ya pili yenye heshima ni kuanza na stashahada katika chuo cha karibu. Ndanda na Nyangao wamefundisha wauguzi kwa miaka mingi, wodi za hospitali zikiwa hatua chache kutoka darasani. Ukifanya kazi miaka miwili mitatu, unarudi kwenye swali hili ukiwa na leseni mkononi. Chunga alama tu. Kima cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa anayeingia shahada kwa stashahada ni GPA ya 3.0, na vyuo vya afya vinaweza kudai zaidi ya hapo. Anayesoma stashahada kwa kubahatisha anajifungia mlango wa shahada, ya mtandaoni na ya chuoni.

Maneno yanayotoka Marekani, na masharti yake

Matangazo yanayoingia kwenye simu zetu yana msemo mmoja: waajiri hawabagui shahada ya uuguzi ya mtandaoni. Kwa Marekani msemo huo una ukweli mkubwa. Shahada nyingi za mtandaoni huko zimetengenezwa kwa muuguzi ambaye tayari ana stashahada, ameshafaulu mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN, na yuko wodini. Anachoongeza ni nadharia: utafiti, uongozi, afya ya jamii, usimamizi wa ubora. Mwajiri wake anatazama leseni, uzoefu, na kama programu ina ithibati ya CCNE au ACEN, vyombo vya huko vinavyokagua programu za uuguzi. Cheti chenyewe kwa kawaida hakisemi mtu alisoma kwa njia gani.

Msukumo wa kuzikubali nao ulikuwa mkubwa. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ifikapo 2020. Mwaka 2017 jimbo la New York likapitisha sheria inayompa muuguzi mpya miaka 10 kupata shahada. Hospitali zilihitaji watu wasome bila kuacha zamu, na mtandao ukajibu hitaji hilo.

Zile programu za huko zinazompokea asiye na leseni na kujiita za mtandaoni bado zinampeleka mwanafunzi hospitalini kwa saa za vitendo, mahali panapokubaliwa na bodi ya uuguzi ya jimbo. Anayesoma akiwa Newala hawezi kupangiwa hospitali ya Ohio. Na programu isiyokuuliza leseni, wala hospitali, wala matokeo ya kidato cha nne, ikuogopeshe. Januari 2023 vyombo vya sheria vya Marekani vilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza vyeti na transkripti za uuguzi, yaani hati za masomo na alama. Vyeti zaidi ya 7,600 vilitoka katika shule tatu za Florida, na walionunua walivitumia kukalia mtihani wa leseni. Tangu hapo waajiri wengi huko wanapitia transkripti kwa jicho kali: tarehe, saa za vitendo, hospitali. Mshindo wa kesi ile unamfikia hata anayeomba kazi nje akitokea hapa.

Kuna na jambo dogo ambalo hakuna tangazo linalolitaja. Kipindi cha moja kwa moja cha saa moja jioni New York ni saa nane au saa tisa usiku Mtwara, kutegemea msimu wa saa zao. Muuguzi aliyetoka zamu ya jioni hawezi kukibeba mwaka mzima. Kabla ya kujisajili, uliza kama vipindi vinarekodiwa na kama mahudhurio ya moja kwa moja yana alama.

Kama tayari una leseni

Hapa ndipo mtandao unapokuwa chaguo la kweli, na waajiri wa mikoa yetu wana sababu ya kulipenda kuliko wanavyokiri.

Chukua kituo cha afya cha Liwale vijijini chenye wauguzi wanne. Mmoja akienda Dodoma au Moshi kusoma shahada kwa miaka mitatu au minne, waliobaki wanagawana zamu zake. Usiku anabaki mtu mmoja kwa wodi ya wazazi, wodi ya kawaida na wagonjwa wa dharura. Nafasi yake haijazwi, kwa kuwa kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, bado ni mtumishi halali. Mganga Mkuu wa Wilaya anayetia saini ruhusa ya masomo anaijua hesabu hii vizuri. Muuguzi anayekuja na mpango wa kusoma kwa mseto, nadharia kwa mtandao na wiki chache za ana kwa ana kila muhula, anamwondolea mwajiri mzigo huo. Akiupanga vizuri kwenye barua ya maombi, huwa na nguvu kuliko maombi ya kuondoka kabisa.

Jirani zetu walishaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2005 Kenya, shirika la Amref na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo, wakisaidiwa na kampuni ya Accenture, walianza kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti kwenda stashahada kwa kompyuta, kwa sababu madarasa yaliyopo yasingewamaliza maelfu waliokuwa wakisubiri. Wahitimu walipokelewa kwa kuwa Baraza lilikuwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza. Mtihani ulikuwa wake na usajili ulikuwa wake. Huo ndio ushauri wetu mkubwa kwa mtu mwenye leseni: tafuta programu ambayo Baraza letu linaijua kwa jina. Teknolojia inayotumika ni swali la baadaye.

Kati ya chuoni kabisa na mtandaoni kabisa kuna njia ya tatu. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa kikiwaendeleza wauguzi walio kazini Afrika Mashariki tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kwa ratiba inayomruhusu mtu kubaki na ajira yake. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ni neema. Kwa mtu wa Masasi au Kilwa, hesabu nauli na malazi kwanza.

Kila mwajiri na jicho lake

*Serikali.* Halmashauri, hospitali za rufaa za mikoa za Ligula na Sokoine, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo zinafuata miundo ileile ya utumishi. Mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi, na ngazi ya mshahara inapanda kutoka TGHS B hadi TGHS C. Kupanda huko hakuji kwa kukabidhi cheti. Kunahitaji kubadilishiwa kada, na kubadilishiwa kada kunahitaji vitu vitatu: cheti kinachotambuliwa, usajili wa Baraza wa ngazi mpya, na nafasi kwenye ikama na bajeti.

Wanaosoma mtandaoni wanaumia zaidi kwenye kitu kimoja, ukimya. Anayekwenda chuoni hawezi kuficha, lazima aombe ruhusa, na barua inaingia kwenye jalada. Wa mtandaoni haonekani kukosekana, kwa hiyo anasoma kimyakimya ili wenzake wasimsengenye, akidhani cheti kitajieleza. Siku anapokipeleka, afisa utumishi anatafuta kibali cha masomo hakioni, anatafuta jina kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri halioni, na bajeti ya mwaka unaofuata imeshapita bila nafasi yake. Shahada ni halali, lakini yeye anaendelea kulipwa kwa stashahada, pengine miaka. Andika barua hata kama hutaomba siku moja ya likizo. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa masijala.

Kama shahada ni ya nje ya nchi, ongeza hatua ya TCU. Matangazo ya ajira yanataka vyeti vya nje vihakikiwe, na TCU inaangalia kama chuo na programu vinatambuliwa na mamlaka ya nchi vilikotoka. Mtu akishikilia matokeo ya muda au hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe, ombi linaachwa. Vyuo vya mtandaoni vya nje hutuma cheti halisi kwa posta au kwa kampuni ya usafirishaji, wiki au miezi baada ya kuhitimu. Ukikaribia mwisho, andika anuani na namba ya simu sahihi, kwa maana bahasha inayorudishwa kwa mtumaji inaweza kukukosesha dirisha zima la ajira.

*Hospitali za mashirika ya dini.* Hapa karatasi ina sauti ndogo zaidi na mtu ana sauti kubwa zaidi. Matroni anaweza kukuweka wodini kwa kipindi cha majaribio akakuangalia: unaosha mikono lini, unaandikaje ripoti ya kukabidhi zamu, unamjibuje bibi aliyetoka Chiwale na haelewi dawa zake. Muuguzi aliyejiendeleza kwa mtandao huku akiwa na miaka sita ya wodi ya wazazi anapita hapa bila shida. Kuna tahadhari moja. Hospitali zenye vyuo vyake hutumia wenye shahada pia kama wakufunzi, na anayelenga ukufunzi ataulizwa ni nani alimsimamia kufundisha kwa vitendo. Kwa lengo hilo, chuoni kuna faida ya wazi.

*Zahanati binafsi na kliniki za viwandani.* Wanataka leseni, cheti cha huduma ya kwanza, na mtu wa kuanza Jumatatu. Namna ulivyosoma hawaulizi.

*Miradi na mashirika yasiyo ya kiserikali.* Kazi ni takwimu, ripoti, usimamizi shirikishi, mafunzo kwa watoa huduma wa zahanati. Hapa aliyesoma mtandaoni mara nyingi ana sifa ya ziada, kwa kuwa ameandika kazi nyingi, anajua kutumia jedwali la kompyuta, amezoea mikutano ya video na kukabidhi kazi kwa tarehe. Kama ndoto yako ni huko, hoja ya kuacha kazi miaka minne inapungua uzito sana.

*Nje ya nchi.* Nchi za Ghuba, Uingereza na Marekani zinahakiki cheti moja kwa moja na chuo kilichokitoa, na wengi huomba transkripti yenye saa za nadharia na za vitendo kwa kila eneo: tiba, upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili. Shahada ya kujiendeleza iliyosomwa mtandaoni inaweza kuwa na saa chache za vitendo, au isiwe nazo kabisa. Ndiyo maana transkripti yako ya stashahada inabaki kuwa mali. Usiichukulie kama karatasi iliyopitwa. Iombe upya chuoni, kamili na yenye mihuri, kabla hujaihitaji.

Kinachopimwa kwenye usaili wa vitendo

Shaka ya waajiri kuhusu mtandao haiko kwenye nadharia. Iko kwenye mikono. Mfano wa swali la wodi ya wazazi: mama wa wiki 36 amepata kifafa cha mimba, presha ni 170 kwa 110, mezani kuna magneziamu salfeti ya asilimia 50. Andaa dozi ya kwanza.

Aliyekariri atasema gramu 4 kwenye mshipa, gramu 10 kwenye msuli, na amepatia. Aliyezoea atavuta mililita 8 za dawa, aongeze mililita 12 za maji ya sindano, apate mililita 20 za asilimia 20. Atazisukuma taratibu, kwa dakika zisizopungua 5, jicho likiwa kwenye kifua cha mama. Kisha atavuta mililita 10, yaani gramu 5, kwa kila tako, zikiwa na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2, kwa sababu sindano hiyo inauma sana. Glukonati ya kalsiamu, dawa ya kupambana na magneziamu ikizidi mwilini, itakuwa kwenye trei kabla hajaanza, wala haifuatwi stoo baada ya mama kuanza kukosa pumzi. Na ukimuuliza ataangalia nini kabla ya dozi inayofuata, atataja pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti linaloruka likigongwa, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa.

Jopo linaona tofauti hiyo ndani ya dakika tatu. Linaona pia kwenye dripu. Hesabu ya lita 1 kwa saa 8, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika, na wote wawili wataipata. Mwenye mazoea atasimama na saa, ahesabu matone, arekebishe gurudumu, ahesabu tena, halafu aandike muda wa kuanza kwenye chupa.

Haki itendeke hapa: shahada ya chuoni peke yake haikupi mikono hiyo. Pale ambapo wanafunzi kumi na watano wanazunguka kitanda kimoja, wapo wanaohitimu wakiwa wameshika mpira wa mkojo mara mbili tu. Mameneja wa wodi wanalijua hilo. Ndiyo maana muuguzi wa stashahada mwenye uzoefu aliyesoma shahada kwa mtandao mara nyingi anamshinda mhitimu mpya wa chuoni kwenye usaili wa vitendo. Mhitimu wa chuoni naye anamshinda yule aliyekaa miaka mitano kwenye dirisha la kadi, hajagusa mgonjwa, akajiongezea shahada kwa simu. Kama wewe ni huyo wa dirisha la kadi, omba kuhamishiwa wodi ya wazazi au upasuaji mwaka mmoja kabla ya kuhitimu.

Korosho, bando na barabara

Ada ya chuo hapa nchini hulipwa kwa muhula. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo ya mkulima yanapitia AMCOS, chama chake cha ushirika, baada ya mnada. Msimu huo unakaribiana na kufunguliwa kwa vyuo, na familia nyingi za Tandahimba na Newala zimeshazoea kulipa awamu ya kwanza kwa fedha hiyo. Vyuo vya mtandaoni vya nje mara nyingi hukata kila mwezi kwa kadi, kwa dola. Mwezi wa Mei au Juni, korosho ikiwa bado ni maua ya kesho, kadi inakosa salio, mfumo unamfungia mwanafunzi, na kazi iliyokuwa iwasilishwe usiku ule inapata sifuri. Ukichagua njia hiyo, tenga ada ya mwaka mzima Desemba au Januari, uiweke akaunti ya pekee.

Bando nalo lina hesabu. Saa moja ya somo la video hula takribani MB 500 hadi GB 1, kutegemea ubora wa picha. Vipindi vya saa 6 kwa wiki, kwa muhula wa wiki 15, ni GB 45 hadi 90, bila kuhesabu kupakua vitabu. Chuo kinachotoa masomo kwa sauti na maandishi yanayoweza kupakuliwa usiku kinakufaa kuliko chenye video maridadi.

Mei 2024 iliumiza njia zote mbili kwa mpigo. Mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti zilizopita baharini zikakatika, na nchi nzima ikabaki na mtandao wa kusuasua. Aliyekuwa na mtihani wa kamera nyumbani alikwama, na aliyekuwa asafiri zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara kwenda kufanya mtihani Dar alikwama pia. Kwa hiyo uliza chuo, kwa maandishi: mtandao ukikatika katikati ya mtihani, mwanafunzi anafanyaje, na ana saa ngapi za kutoa taarifa? Na kama ni mseto wa kusafiri, usipande basi la siku ya mwisho wakati wa mvua.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Chuoni | Mtandaoni au mseto |
|---|---|---|
| Asiye na leseni | Ndiyo njia ya kufikia usajili | Nadharia tupu haifikishi kwenye usajili |
| Mwenye stashahada na ajira | Anaacha wodi kwa miaka. Ruhusa ni ngumu, lakini jalada linakuwa safi | Anabaki kazini. Hatari ni kusoma bila kibali |
| Kubadilishiwa kada serikalini | Utambuzi wa cheti hauleti maswali mengi | Sawa, ikiwa Baraza na TCU wanakitambua |
| Ukufunzi | Nguvu zaidi | Inahitaji ushahidi wa usimamizi wa vitendo |
| Miradi na takwimu | Sawa | Mara nyingi faida ya ziada |
| Kazi nje ya nchi | Transkripti ina saa za vitendo | Itategemea transkripti ya stashahada |
| Fedha | Ada kwa muhula, malazi, nauli | Bando, umeme, pengine dola kila mwezi |

Kabla hujalipa hata shilingi

Fuata mpangilio huu, usiuruke. Kwanza liandikie Baraza, utaje jina la chuo, jina kamili la programu na namna inavyofundishwa, na uulize kama mhitimu wake atasajiliwa ngazi ya shahada na kama atadaiwa utarajali au mtihani. Jibu la mdomo kwa simu halitakusaidia miaka minne baadaye, subiri barua. Pili, kwa chuo cha ndani, kihakikishe TCU pamoja na programu yenyewe. Chuo kinaweza kutambuliwa na programu mpya isiwe bado. Kwa chuo cha nje, tafuta jina lake kwa mamlaka ya nchi husika, kisha uliza TCU kuhusu utambuzi. Tatu, kibali cha mwajiri na jina lako kwenye mpango wa mafunzo.

Nne, na hili wengi hawalifikirii, kidai chuo mpango wa vitendo: wodi zipi, saa ngapi kila wodi, hospitali gani, na nakala ya makubaliano kati ya chuo na hospitali hiyo. Chuo kikisema utafanya vitendo hapo hapo unapofanya kazi, uliza ni nani atakayesaini kitabu chako na kama saini yake inakubalika. Zamu zako za kawaida za ajira hazigeuki kuwa saa za masomo kwa sababu tu umezifanya. Lazima kuwe na msimamizi aliyeteuliwa, malengo yaliyoandikwa, na tathmini.

Siku ya kuomba kazi, usifiche kwamba ulisoma kwa mtandao na usianze nayo. Kwenye wasifu wako andika leseni na namba yake juu kabisa, kisha wodi ulizofanya kazi na idadi ya vitanda, halafu shahada pamoja na hospitali ulikofanyia vitendo na saa zake. Beba kitabu cha mazoezi chenye saini, barua ya Baraza, barua ya TCU kama ni ya nje, na kibali cha masomo, kila kimoja na nakala yake. Jopo likiuliza ulijifunzaje kazi ya mikono kwa kompyuta, fungua kitabu kwenye ukurasa wa wodi ya wazazi na uwasomee tarehe.